Mguu Mmoja Huku Tannreute

...na kwa nini wimbo huu hauishi, anajiuliza Profesa Ansgar Rombach, mikono yake miwili imelikumbatia buti la bintiye, buti jeusi la seremala, zito kama tofali, kwa nini wamechagua wimbo wenye beti nyingi kiasi hiki, au pengine heri usiishe, usiishe kabisa, maana ukiisha tu Svenja atajiachia upande wa pili wa kibao na mafundi wenzake watamdaka, na hapo basi, mila ya maseremala wa safari haimruhusu kugeuka nyuma, ataifuata barabara hii mpaka inapopinda kwenye kiwanda cha mbao na baba mtu ataambulia mgongo, mgongo na fimbo na kifurushi, kwa miaka mitatu na siku moja... lakini sasa hivi bado yupo, amekaa juu ya kibao cha njano chenye jina la kijiji, kama aliyepanda punda, mguu mmoja huku Tannreute, mguu mmoja kule duniani, na mguu wa huku ndio huu, anao, anaona kamba ya buti ilivyofungwa mafundo mawili, nani alimfundisha mafundo mawili, mimi, anajijibu, alikuwa na miaka minne, pale kwenye ngazi ya jikoni, akalia kwa hasira kwa sababu alitaka kufunga mwenyewe. "Ansgar," anasema mkewe Mechthild, amesimama kando yake na sahani ya keki ya plamu, anatafuna, "huo mguu una mwenyewe." "Namshikilia tu asianguke," anasema Ansgar. "Mtoto anatembea juu ya paa la kanisa hajashika kitu, leo ndiyo aanguke kwenye kibao?" Ni kweli, anatembea juu ya mapaa, ndiyo kazi yake, kuunda mapaa, na Ansgar anaijua kazi hiyo vizuri kuliko anavyotaka kukumbuka, maana siku ile walipomaliza kupandisha mbao za nyumba ya zimamoto Svenja ndiye aliyepanda kileleni kusema maneno ya baraka, akanywa glasi yake ya divai na kuirusha chini ivunjike kama ilivyo desturi, watu wote wakapiga makofi isipokuwa mmoja, aliyekuwa amesimama chini kabisa amenyoosha mikono yote miwili tayari kumdaka, akakaa hivyo tangu baraka ilipoanza mpaka ilipoisha, na gazeti la wilaya likampiga picha likaandika kwamba msomi maarufu anaomba dua kwa ajili ya jengo jipya. Dua gani. Alikuwa anapima mahali atakapoangukia.

Na yeye ndiye mwalimu wa utulivu, hapo ndipo mbuzi wanapocheka, yeye ndiye aliyejaza ukumbi wa chuo kikuu kule bondeni kila majira ya baridi kwa mihadhara juu ya neno moja tu la watu wake, Gelassenheit, neno la watawa wa zamani waliotaka kumwachia Mungu kila kitu, kisha likaokotwa na wanafalsafa wa udhanaishi hapahapa kwenye milima hii ya misonobari, wakalifuta vumbi na kusema mtu wa leo anaugua ugonjwa wa kutaka kuushika ulimwengu mzima mkononi, kuupima, kuupanga, kuuwekea ratiba, na dawa yake ni kuachia, si kutojali, hapo Ansgar alikuwa anainua kidole, mabibi na mabwana, asiyejali amefunga mlango, aliyeachia ameufungua na anangoja bila kujua anamngoja nani... wanafunzi wanaandika, kalamu zinakimbia, mpaka siku binti mmoja wa nyuma kabisa akanyoosha mkono, "Samahani Profesa, wewe binafsi umeshawahi kuachia nini?" na yeye akafikiri, akafikiri sana, akasema, "Sigara," ukumbi ukaangua kicheko, na jioni Mechthild alipohadithiwa akasema hata hiyo sigara uliiacha kwa ratiba, uliibandika kwenye friji. Mganga hajigangi. Mganga huyu kila asubuhi hukaa kwenye benchi nyuma ya nyumba kuachia, ametega saa ya jikoni, na saa ikilia anaingia ndani kupanga upya vyombo ambavyo mkewe ameshavipanga kwenye mashine ya kuoshea, kwa sababu vikombe vimeinama upande usio sahihi. Utulivu wa kutegewa saa. Ukitaka kwa nguvu kutokutaka, bado unataka, amelisema hilo mara ngapi mbele ya watu, limetoka mdomoni bila kupita moyoni.

"...na dirisha lako usilifunge, mpenzi," wanaimba kule upande wa pili mafundi wa safari, wanaume watatu na mwanamke mmoja, wote na suti nyeusi za kodrai, suruali pana chini, vizibao vya vifungo vingi, kofia za ukingo mpana, na anayewaongoza ni huyu Tjark, kijana mrefu kutoka pwani ya kaskazini, ana ndevu za rangi ya karoti na sauti ya ng'ombe aliyesahauliwa zizini, ndiye aliyekuja kumtoa Svenja nyumbani, maana huwezi kujitoa mwenyewe, lazima aje mtu anayeijua njia, na Tjark amekaa nao juma zima, amekula viazi vyote, amewatengenezea mlango wa banda bila kuombwa, na Ansgar alitaka sana kumchukia. Akashindwa. Jana kwenye baa ni Tjark huyohuyo aliyemlaza Svenja kichwa kwenye benchi na kumtoboa sikio kwa msumari na nyundo, pigo moja, kama mila ya maseremala inavyotaka, na Ansgar alikuwa ametoka nje dakika hiyohiyo kwenda kuangalia kama kuna nyota. Zilikuwepo. Aliporudi binti yake ana hereni ya dhahabu na tone moja la damu kwenye kola, anacheka, "Baba umekosa uhondo," na Ansgar akamshika sikio la pili lisilotobolewa, akalivuta kidogo kama alivyokuwa akifanya zamani.

Kofia. Mungu wangu, kofia. Anainua macho, ile pale, kichwani mwa Svenja, nyeusi, mpya, na ndani ya bitana ya kofia ile, upande wa nyuma, kimelala kidude cha duara kidogo kuliko sarafu, vya namna hiyo watu huvining'iniza kwenye funguo au kwenye shingo ya paka ili simu iwaonyeshe vilipo, na simu yenyewe imo mfukoni mwa suruali yake, anaihisi pajani, imenyamaza kama mwizi mwenzake. Alikishona juzi. Fundi wa safari haruhusiwi simu, haruhusiwi kusogelea kwao chini ya kilomita hamsini mpaka muda wake utimie, labda kuwe na msiba, anatembea kwa miguu au kwa hisani ya madereva, anafanya kazi anapoipata, analala anapokaribishwa, anaandika barua akijisikia, na Ansgar alikubali, aliafiki kwa maneno mazuri, akatoa hotuba fupi mezani kuhusu uhuru, wakagonganisha glasi, halafu akaenda mjini kununua kidude. Akafumua bitana kwa mkasi wa kucha. Akashona kwa sindano ya marehemu mama yake, ulimi nje kama mtoto wa darasa la kwanza, akijidunga kila mara, akajiambia ni nukta tu, nukta moja kwenye ramani, sitaitazama, nitajua tu kwamba naweza kuitazama... na hilo ndilo tatizo lenyewe, si ndilo, wale wazee wa udhanaishi hawakusema tuvunje mashine, walisema tuzitumie kisha tuziache mlangoni, tuziambie ndiyo na tuziambie hapana, na yeye alikiambia kidude ndiyo, akakishonea na nyumba.

"Profesa," anaita Alois Kuttruff kutoka juu ya trekta lake, amezuiliwa na umati uliojaa barabarani, nyuma yake anakokota pipa la mbolea ya ng'ombe, "sikuharakishi, ila mbolea yangu haipendi nyimbo ndefu." Watu wanacheka. "Mpe keki huyo," anasema Mechthild, na sahani inapita mikononi mwa watu hadi kwenye trekta. "Mzee Rombach," Tjark naye anaingiza neno kati ya ubeti na ubeti, "tutahitaji na mguu huo, wenzio tukipewa nusu hatujui tuifanyie nini." "Imba wewe," anasema Ansgar. "Naimba, Mzee. Bado nyingi." Bado nyingi, asante, bado nyingi, ana nafasi basi, anaweza kusema sasa, Svenja mwanangu, vua hiyo kofia, lakini atasemaje mbele ya kijiji kizima, mbele ya huyu Alois ambaye mpaka mwakani atakuwa analisimulia kwa ng'ombe wake, na akinyamaza je, akinyamaza nukta itatembea, itakwenda kaskazini, itavuka mto, itasimama mahali siku tatu na yeye atakaa jikoni akiuliza kwa nini siku tatu, anaumwa, amepata kazi, amepata mchumba, na nukta haitajibu, itapepesa tu, na usiku mmoja itazimika kwa sababu betri imekwisha na yeye atapiga simu polisi wa Hamburg kutafuta betri. Anajijua. Atakuwa amemfunga mtoto kamba asiyoiona, na kamba ina ncha mbili, mwisho wake mwingine uko shingoni mwake yeye.

Ninaogopa, anafikiri, na neno linamshangaza kwa udogo wake. Ana miaka sitini na saba. Moyo ulishamtisha mara moja, kwenye ngazi za maktaba, daktari akamwambia usijali, tutauangalia, na tangu hapo anauangalia yeye mwenyewe, kila saa, kama maziwa jikoni. Kinachomwogopesha si kwamba Svenja ataanguka, Svenja haanguki. Anaogopa asubuhi ile atakaporudi na kukipanda tena kibao hiki kutokea upande wa pili, na kuchimbua chupa waliyoifukia leo chini yake, maana mwenda safari hufukia chupa akiondoka na huinywa na watu wake akirudi, na watu watasimama hivihivi na keki hivihivi, na mahali hapa, hapa hasa aliposimama yeye, atakuwa amesimama mwingine au hakuna mtu. Basi. Limesemwa. Halikuua. Ajabu, anafikiri, nimelibeba juma zima bila kulipa jina, nikaliita kidude, nikaliita usalama barabarani, kumbe lilikuwa hili tu, na ukilitazama usoni halina meno mengi kihivyo, kila baba aliyewahi kusimama chini ya kibao alikuwa nalo, na nukta kwenye ramani haiongezi asubuhi hata moja. Asubuhi ile itakuja au haitakuja. Hakuna pa kuishika.

Tumetupwa duniani bila kuulizwa, ndivyo alivyozoea kuanza muhadhara wa kwanza, kwa sauti nzito, wanafunzi wanakunja nyuso, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumuuliza swali la maana kuliko yote, anatazama mikono minane iliyonyooshwa upande wa pili, mikubwa, ina makovu ya patasi, inasubiri, hakuna aliyemuuliza kama kuna wa kutudaka. Huyu alitupwa mara ya kwanza akadakwa na mkunga na mama yake na mimi nikiwa nimesimama pembeni naulizia vipimo, leo anajitupa mwenyewe, kwa hiari, wimbo unaimbwa, na wapo wa kumdaka, na si lazima wawe mimi... ni maneno mepesi mno, angeyafuta kwenye kazi ya mwanafunzi, lakini yanamkaa kifuani vizuri, yamejaa, na anajikuta anataka kucheka.

"Svenja," anasema. "Baba." Anainama, uso wake unatokea chini ya ukingo wa kofia, madoa ya jua puani, hereni inang'aa. Sasa. Alois na asikie. "Kwenye kofia yako," anasema Ansgar, "nimeshona..." "Najua." "Unajua nini?" "Baba, mimi nafanya kazi kwa macho. Mama hashoni mishono mikubwa namna ile, na mwenye kofia mpya kutoka dukani hana haja ya kiraka." Mechthild ameacha kutafuna. "Umeshona nini, Ansgar?" "Kidude," anasema Ansgar kwa unyonge, "cha paka." Mechthild anaweka mkono mdomoni, mabega yanamtikisika, na Ansgar anamjua mwanamke huyu, kicheko hicho kitadumu mpaka Krismasi. "Kiko wapi sasa?" anauliza Ansgar. "Chini hapo," anasema Svenja, ananyoosha kidole kwenye udongo mbichi penye mguu wa kibao. "Nimekifunga kwenye chupa. Si ulifukia mwenyewe?" Alifukia mwenyewe. Alimpokonya Tjark koleo asubuhi hii, akasema kazi ya kufukia ni ya baba, akafukia kwa heshima zote, akashindilia kwa kisigino, akapigapiga kwa kiganja, na kidude kiko humo chini kinatangaza kwa utiifu wote kwamba Svenja Rombach yupo Tannreute, yupo salama, hajaondoka. Angetazama simu angekiamini. "Ukitaka kichimbue," anasema Svenja, "ila chupa usiiguse. Hiyo tutakunywa wote." "Wote," anasema Ansgar. "Wote, Baba. Na kama hutakuwepo nitakumwagia hapo kidogo, usinitazame hivyo, nami nimeshaliwaza." Ameshaliwaza. Ameliwaza peke yake, kwenye paa lake fulani, akalifunga mafundo mawili akaendelea kupiga misumari, na huku babaye alidhani analibeba kwa niaba ya nyumba nzima. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na huyu ndama amekua, ana nundu yake. Kicheko kinamtoka sasa, hakizuii, kinamtikisa mpaka miwani inateleza puani na hana mkono wa kuisukuma kwa sababu mikono yote miwili bado iko kwenye buti.

Bado iko kwenye buti. Anaitazama kama mikono ya jirani. Misuli ya mabega inauma, tangu lini inauma, tangu Svenja alipokanyaga viganja vyake kupanda, wenzake wote walioinua wamekwisha kuachia zamani, wanakula keki, yeye peke yake amebaki amebeba. "Huo mguu," anaanza tena Mechthild, machozi ya kicheko mashavuni, "una mwenyewe," anamalizia Ansgar. Na hapo, bila saa ya jikoni, bila kuamua, anasikia kidole gumba cha kulia kimelegea, kisha cha kushoto, kisha vyote, kama mtu anayefungua kiganja kuruhusu mdudu atembee, anafungua mikono na kungoja uzito ushuke.

Hakuna kilichoshuka. Buti liko palepale hewani, halikuyumba hata kidogo, goti la Svenja limebana ukingo wa kibao na mwili wake umetulia juu kama ulivyotulia tangu mwanzo, na Ansgar anavitazama viganja vyake vyenye alama ya soli na tope kidogo la bustani yao, anaelewa kwamba muda wote huu hakuwa amebeba chochote. Svenja anauchezesha mguu, mbele na nyuma, unaigonga herufi ya kwanza ya jina la kijiji. Alois anatafuna. Kule ng'ambo Tjark anavuta pumzi kwa ajili ya ubeti mwingine, na Ansgar Rombach, ambaye haujui wimbo huu na hajawahi kuimba popote ambapo hakupewa noti, anasukuma miwani yake juu, anafungua mdomo na kuingia nao, vibaya, kwa sauti kubwa.